Kilo 14 kwenye mkanda mmoja: uzito wa suti kavu ubebwe vipi?

*"Shikamoo mwalimu. Nazamia hapa Mwanza kwenye vizimba vya sato. Kazi yangu ni kukagua nyavu, kushona palipochanika na kutoa samaki waliokufa. Cheti nilipatia Zanzibar, na kule nilizoea suti ya mpira ya milimita 3 na kilo 4 kiunoni. Mwezi Machi naenda Uskoti kujifunza kazi kwenye mashamba ya samoni, na jamaa aliyenitangulia ameniachia suti kavu, ile isiyoingiza maji, pamoja na nguo mbili nene za kuvaa ndani yake. Nimeijaribu ziwani na mtungi wangu uleule wa aluminiamu wa lita 11. Kwa kilo 8 sikuzama kabisa. Nikaongeza hadi 14, zote kwenye mkanda mmoja, nikashuka moja kwa moja hadi kwenye tope. Nilipoinama kutazama chini, hewa ikakimbilia miguuni, nikabaki kichwa chini miguu juu hadi mwenzangu aliponivuta. Wiki ya pili sasa kiuno kinauma. Mimi nina kilo 78. Mmoja ananiambia kanuni ni asilimia 10 ya uzito wa mwili, mwingine anasema Uskoti nitahitaji 18 kwa sababu ya chumvi, mwingine nifunge vyuma vifundoni ili miguu isipande. Nimsikilize nani?"*

Marahaba. Nianze na kiuno, maana hicho hakisubiri hesabu.

Maumivu ya kiuno baada ya kutembea na mtungi na kilo 14 kutoka garini hadi majini mara nyingi ni msuli uliovutika, na msuli mara nyingi huanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Wiki mbili ni nyingi. Nenda hospitali, Bugando au Sekou Toure, ukaonwe, na mwambie daktari mwenyewe, bila kungoja akuulize, kwamba ulikuwa unazamia, ulishuka mita ngapi na ulipanda kwa kasi gani. Mzamiaji anayepanda haraka anaweza kubaki na mapovu ya naitrojeni mwilini, na yakikaa kwenye uti wa mgongo yanaweza kuanza kama maumivu ya mgongo tu. Kama umeona ganzi, miguu kuchomachoma, kukosa nguvu unapopanda ngazi, au mkojo kugoma kutoka, hiyo ni dharura ya leo leo: ulale chali, upewe oksijeni safi, na usipande ndege mpaka daktari anayejua magonjwa ya uzamiaji aseme sawa. Mpaka uonwe, usirudi majini.

Sasa tuje kwenye kilo. Wale watatu kila mmoja kashika kipande cha ukweli, ila hakuna aliyekuuliza la kwanza: hewa yako iko wapi? Risasi anayobeba mzamiaji, yaani vipande vya madini mazito vya kumzamisha, ina kazi moja, kupingana na hewa aliyojifungia mwilini. Ukijua hewa hiyo ni kiasi gani na imekaa wapi, kilo zinapatikana na mahali pa kuzifunga panaonekana. Ukianza na kilo utaongeza tu, kama ulivyofanya.

Kitu kilichozama kinainuliwa na nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma pembeni. Lita moja ya hewa ndani ya suti inasukuma lita moja ya maji, na lita moja ya maji ya ziwa ni kilo moja. Kwa hiyo kila lita ya hewa uliyovaa inadai kilo moja ya kuishusha. Watu wa Mwanza hawahitaji somo refu hapa. Mei 1996 MV Bukoba ilipopinduka, iliendelea kuelea chini juu kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani yake. Bodi ilipotobolewa ili kuwafikia watu, hewa ikatoka na meli ikaenda chini.

Suti yako ya Zanzibar ilikuwa na hewa kidogo tu, ile iliyofungiwa kwenye vijitundu vya mpira wenyewe. Suti kavu inabeba hewa yote iliyokaa katikati ya nyuzi za nguo za ndani, na hewa hiyo ndiyo blanketi lako. Maji hayakugusi, na hewa haipitishi baridi upesi. Nguo mbili nene zinaweza kushika lita kadhaa, kwa wengine hata kumi. Ndiyo maana kanuni ya asilimia 10 haikusaidii. Chukua watu wawili wa kilo 78: mmoja mwembamba mwenye misuli na nguo moja ya ndani, mwingine mwenye kitambi na nguo mbili. Wanaweza kutofautiana kilo 5 wakiwa kwenye maji yaleyale. Mizani ya nyumbani haijui umevaa nini.

Kwa nini basi kilo 8 zilikukatalia? Inawezekana kweli zilikuwa chache, lakini kwa mtu anayevaa suti kavu mara ya kwanza mimi hushuku kwanza kwamba hakuitoa hewa. Unaingia majini suti imevimba, vali ya begani ya kutolea hewa imefungwa nusu, unahema haraka na mapafu yamejaa. Mapafu peke yake yanaweza kukupa kilo 2 au 3 za uongo. Siku nyingine, kabla hujaongeza risasi, simama maji yakufike kifuani, chuchumaa taratibu, fungua kabisa vali ya mkono wa kushoto na uinue kiwiko ili vali iwe sehemu ya juu kuliko zote. Utasikia hewa ikitoka na suti ikikukumbatia miguuni, kisha mapajani, kisha tumboni. Hapo ndipo unaweza kusema nimejaribu kilo 8.

Badala yake uliongeza 6 kwa mkupuo, na hizo ndizo zilizokupindua. Tuseme kilo zako halisi zilikuwa 11. Ulipovaa 14, ulibeba 3 za bure, na ili usizame kwenye tope ilikubidi ujaze lita 3 za hewa zisizokuwa na kazi nyingine. Hewa hiyo iliingia kwenye suti, na ndani ya suti hewa haina kituo. Ni sawa na dumu lililojaa maji nusu: upande ulioinuka ndio hewa inakokwenda, na ikifika huko inauinua zaidi. Ulipoinama kutazama chini, miguu ikawa juu ya kichwa kwa sentimita chache, hewa ikahama, viatu vikavimba, na vali yako ya kutolea hewa ikabaki chini mahali isipoweza kutoa chochote. Mwenzako alikuokoa na kitu kibaya kuliko aibu, maana hatua inayofuata ni kupaa hadi juu miguu ikitangulia.

Na ziwani kupaa huko kunakuja mapema kuliko pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa inayotukandamiza hapa ni takriban asilimia 88 ya ile ya Zanzibar. Baharini unahitaji kushuka mita 10 ili shinikizo liwe maradufu. Hapa mita 9 zinatosha. Zile lita 3 za ziada ukiwa mita 9 zinakuwa 6 ukifika juu, na kila mita unayopanda inakusukuma kupanda inayofuata. (Kwa sababu hiyohiyo hakikisha kompyuta yako ya kuzamia imewekwa ipige hesabu za mwinuko. Jedwali la kawaida la kuzamia baharini linakoma kwenye mwinuko wa mita 300. Naona vijana wengi wa vizimbani wanazamia na hesabu za pwani, na sipendi.)

Chumvi sasa. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5. Hesabu inafanywa kwa mzigo mzima unaozama: wewe, suti, mtungi na risasi. Kwako ni kama kilo 110, kwa hiyo bahari inakudai chini kidogo ya kilo 3. Aliyekuambia utoke 14 uende 18 aliongeza chumvi juu ya kilo ambazo tayari zilikuwa zimezidi. Tena alisahau mtungi. Mtungi wako wa aluminiamu ukikaribia kwisha unaelea kwa karibu kilo 2. Uskoti mitungi mingi ni ya chuma, na wa chuma hubaki mzito majini hata ukiwa mtupu, mara nyingi kwa kilo moja au zaidi. Kwa kubadili mtungi tu unapata kama kilo 3 bila kuongeza risasi. Chumvi inachukua, chuma kinarudisha. Ukiwa na nguo zilezile za ndani, usishangae kilo ulizofikia Mwanza zikakufaa kule kwa tofauti ya kilo moja tu.

Ila lazima uzipate vizuri hapa kwanza, na kipimo sahihi hufanywa mwishoni mwa kuzamia. Hewa ya mtungini nayo ina uzito: lita 11 kwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) ni lita 2,200 za hewa, karibu kilo 2.6. Unapomaliza kazi sehemu kubwa ya kilo hizo umeshaipumua ikapotea, wakati ndio unataka kutulia karibu na juu bila kupeperuka. Kwa hiyo ngoja hadi mtungi ubaki na bar 50. Shikilia kamba iliyofungwa kwenye boti au kwenye fremu ya kizimba, mita 3 hadi 5, mwenzako akiwa pembeni na vipande vya kilo moja mfukoni. Toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, lile unalolijaza hewa. Kwenye suti bakiza kiasi cha kutokubana tu, suti isikufinye mapajani. Achia kamba, pumua kawaida. Ukitulia hapo hapo, kilo zimekaa. Ukipanda, akuongezee moja. Ukishuka, akupunguzie moja, urudie. Usifanye kipimo hiki suti ikiwa imekukamua hadi ngozi ili upate namba ndogo ya kujisifia; kule bahari mwezi Machi ina nyuzi joto 6 hadi 8, na hewa uliyoinyima suti utaitamani dakika za mwisho ukiwa unatetemeka.

Angalizo la hapa kwetu: maji ya ziwa yana nyuzi 24 hivi au zaidi, na wewe umevaa nguo za Uskoti. Ukisimama gatini saa sita mchana na nguo mbili nene ndani ya suti isiyopitisha jasho, utaanguka kabla hujagusa maji. Fanya asubuhi mapema, vaa ukiwa karibu na maji, mwagia kichwa maji, na ukihisi kizunguzungu fungua zipu usijikaze. Na suti kavu haikukingi kabisa na kichocho, kwa kuwa viganja na uso viko wazi. Ukiwa Bugando kwa ajili ya kiuno, omba na kipimo hicho.

Tuseme umepata 12. Zifungwe wapi? Mkanda mmoja wenye kilo 12 una matatizo mawili. La kwanza ni kiuno chako. La pili ni kubwa zaidi: ukifunguka kwa bahati mbaya ukiwa mita 20, kilo zote zinaondoka kwa pamoja na wewe unapaa kama lita 12 za hewa zinavyotaka. Na mkanda juu ya suti kavu hufunguka. Unaukaza ukiwa nchi kavu suti imevimba. Ukishuka suti inabanwa, mkanda unalegea, unateleza juu ya kitambaa laini hadi kwenye makalio. Kinyume chake, ukifunga zote mahali pasipofunguka, siku jaketi likitoboka ukiwa juu ya maji huna cha kuachia. Ndiyo maana tunagawa: sehemu unayoweza kuidondosha, na sehemu inayobaki na wewe daima.

Kwa vifaa ulivyonavyo ningeanza hivi. Kilo 5 kwenye mkanda, umekaa juu ya mifupa ya nyonga, bizimu ikifunguka kwa mkono wa kulia, na kipande kimoja kimoja kikizuiwa kisitembee. Kilo 4 kwenye mifuko ya jaketi inayofyatuka, 2 kila upande, usizidishe kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kilo 3 zilizobaki kwenye mikanda inayoshika mtungi, nyuma yako: kilo moja na nusu kulia, moja na nusu kushoto, zisikuzungushe. Hizo za mtungini ndizo zitakazokushangaza. Mtungi wa aluminiamu ukiisha, kitako chake huelea na kuinua makalio. Uzito kwenye mkanda wa chini wa mtungi unakituliza. Zaidi ya hapo umeutoa uzito kiunoni ukaupeleka karibu na mapafu na hewa ya kifuani. Uzito ukikaa karibu na hewa inayoubeba, unalala sawa bila kupigana na mwili.

Kuna wanaopenda mikanda ya mabegani iliyoshonwa mifuko ya risasi, hasa wafanyakazi. Inatua uzito mabegani na kiuno kinapumzika kweli. Kasoro yake ni kwamba inavaliwa chini ya jaketi, na njia ya kuidondosha inaweza kuzibwa na mkanda wa jaketi au ule unaopita katikati ya miguu. Ukiitumia, jaribu kuidondosha ukiwa umevaa kila kitu, kwenye maji ya kifua, kwa mkono mmoja macho yamefumbwa. Ikishindikana hapo, chini haitawezekana. Bamba la chuma la mgongoni badala ya jaketi la kawaida nalo ni zuri kwa wa suti kavu, linakupa kilo 2 au 3 zilizotulia kabisa, lakini usinunue sasa. Subiri uone kule wanatumia nini.

Vyuma vya vifundoni mimi siwi mwepesi wa kuvikubali. Kilo moja kila mguu inarushwa mbele na nyuma kwa kila teke, na jioni paja litakuambia. Mbaya zaidi, vinaficha kosa. Kabla ya kuvigusa, punguza zile kilo za ziada, kisha angalia kama viatu vya suti ni vikubwa kuliko miguu yako. Jamaa yako akiwa mrefu, pale ndipo hewa inakaa, na mkanda wa kubana kigimbi unasaidia kuliko chuma. Kisha sogeza mtungi. Miguu ikipanda, ushushe mtungi sentimita 3 au 4 kuelekea makalio. Miguu ikizama, upandishe. Ukifanya yote hayo na miguu bado inaelea, funga nusu kilo kila upande na hakuna atakayekucheka.

Pengine umeshasikia kwamba suti kavu ikipasuka na kujaa maji inakuvuta chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Unachopoteza ni ile hewa, na risasi ya kuipinga bado umeifunga. Kwa hiyo swali ni kama jaketi lako lina uwezo wa kubeba kilo zote hizo peke yake. Soma lebo yake. Lile dogo la kitalii la maji ya joto huenda halitoshi. Uzito wa maji utauhisi wakati wa kupanda ngazi ya boti, na hapo unapanda polepole ukiyaacha yatoke.

Kujipindua kutoka kichwa-chini sitakufundisha kwa maandishi. Kanuni ni kukunja magoti kifuani, kujiviringisha hadi kichwa kiwe juu na kutoa hewa mara moja, lakini mwili lazima uufanye mara nyingi kwenye maji ya mita 3 na mkufunzi wa suti kavu akiwa amekushika. Kama hapa hupati mkufunzi wa aina hiyo, ziwani ishia kwenye kipimo cha kamba, usiende chini zaidi, na mengine ngoja Uskoti. Ulizia pia mapema kuhusu cheti. Uingereza ina kanuni za uzamiaji kazini za mwaka 1997, na kadi ya uzamiaji wa starehe uliyoichukua Zanzibar haitoshi kukuingiza majini kama mfanyakazi. Hakikisha mafunzo unayokwenda kuyapata yanakupa sifa inayotambulika.

Kabla ya safari acha saa 18 au zaidi kati ya kuzamia mara ya mwisho na ndege. Kwenye daftari andika kilo ulizofikia, zilifungwa wapi, mtungi gani, nguo zipi za ndani, maji ya ziwa, bar zilizobaki, umpe mkufunzi wako siku ya kwanza. Risasi yenyewe iache Mwanza. Kule ipo ya kutosha, na ndege itakutoza kila kilo.